Barua ya wazi kwa mnaosimamia urithi wa Zanzibar: Mwana Mwema na Mwana Fatuma mmewaweka wapi?

Waheshimiwa mliokabidhiwa makumbusho, mambo ya kale, Mji Mkongwe na vitabu vya historia vya skuli zetu, nyote kwa pamoja,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia kwa heshima zote, na barua hii nimeiweka wazi kwa sababu kwa njia ya kimya kimya nshajaribu na imeshindikana. Barua niliipeleka kwa mkono wangu, ikapigwa mhuri masjala, nikaambiwa nisubiri mkubwa ataisoma. Nikasubiri. Nikarudi nikaambiwa mkubwa kasafiri, nikarudi tena nikaambiwa faili liko kwa mwengine na huyo mwengine yuko semina, mwisho kijana mmoja pale mapokezi kanionea huruma kanambia mwalim hili jambo mbona si letu, hebu jaribu afisi ile ya pili, na ile ya pili wakanirudisha kule kule nilikotoka. Sitaji afisi ya mtu wala jina la mtu, maana wafanyakazi wenyewe walinipokea vizuri na kiti nikapewa, ila jawabu sikupata na mpaka naandika hapa sina.

Mimi ni mwalim wa historia, mwanamke, mzaliwa wa hapa hapa Unguja. Ninachoomba ni jambo moja tu: wafalme wanawake wa kisiwa hichi, Mwana Mwema na Mwana Fatuma, watajwe kwa majina yao pale walipokaa na mbele ya watoto wetu.

Kilichonisukuma ni suala la mtoto. Tulikwenda ziara na darasa, tukaanzia Ngome Kongwe tukaja Forodhani tukasimama mbele ya Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, imezungushiwa mabati kwa ajili ya matengenezo, na mtembezaji tuliyepewa alikuwa kijana mzuri anajua kuzungumza na watoto. Akaeleza Sayyid Barghash alivyoijenga mwaka 1883, akaeleza habari za umeme na lifti, akaeleza ile mizinga ya shaba ya Kireno ya mbele ya mlango ilivyotekwa Hormuz mwaka 1622 na Waajemi, akaeleza vita vya 1896 vya Muingereza na Sultani vilivyomalizika hata saa moja haijatimia, watoto wanaandika kwa kasi. Msichana mmoja wa mbele, mwenye miwani, akanyoosha mkono na kalamu yake akauliza, "Samahani kaka, kwani zamani Zanzibar ilishawahi kutawaliwa na mwanamke?" Kijana hakufikiri mara mbili, akasema hapana, mwanamke wa mwanzo wa Kizanzibari kushika nchi ni Mama Samia. Watoto wakaandika na hilo pia, wakapiga mstari chini.

Mama Samia heshima yake iko pale pale, mtoto wa Makunduchi aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021 na siku ile wengi wetu tulilia kwa furaha. Lakini yule kijana alikuwa amesimama palepale ambapo wanahistoria wanasema ndipo ilipokuwa nyumba ya Mwana Fatuma, mfalme wa Unguja, karibu miaka 200 kabla ya Sayyid Barghash kuweka jiwe lake la mwanzo. Kasimama juu ya uwanja wa mfalme mwanamke anawaambia wasichana wadogo kuwa hajawahi kuwepo mfalme mwanamke. Sikumlaumu na simlaumu, yeye kasema alichofundishwa. Nawalaumu nyinyi waheshimiwa, kwa adabu, kwa sababu kumfundisha yeye ni kazi yenu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Historia ya wanawake hawa ipo, inajulikana, na nyinyi mnaijua.

Naieleza hapa japo kwa ufupi kwa sababu wengi watakaosoma barua hii hawajawahi kuisikia, na ndo hasa tatizo lenyewe.

Mreno aliingia Zanzibar mapema sana. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alikuja na jahazi yake akateka vyombo vya watu baharini mpaka mtawala wa hapa akakubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Tangu hapo karne nzima na nusu ikapita watawala wetu wakiishi na Mreno, mara kwa maelewano mara kwa kulazimishwa. Mwaka 1650 Imam Sultan bin Saif wa Oman akawatoa Wareno Maskati, na habari ile ikaja na kusi na kaskazi ikafika pwani yetu yote kuwa kumbe Mreno anaweza kupigwa. Mwaka 1652 vyombo vya Waomani vikaja Zanzibar vikawapiga Wareno waliokuwa hapa. Na aliyekuwa akitawala Unguja wakati huo ni mwanamke, Mwana Mwema, na yeye na mwanawe aliyekuwa mfalme wa Utondwe, ng'ambo ile ya Saadani, walisimama na Waomani. Walichoka kutoa kodi. Wareno wakaleta jeshi kulipiza, na Mwana Mwema na mwanawe wakafukuzwa.

Sasa angalieni kilichofuata. Miaka 40 na kitu baadae Unguja inatawaliwa tena na mwanamke, Mwana Fatuma binti Yusuf, ambaye simulizi za ukoo zinamfanya ni mjukuu wa Mwana Mwema. Machi 1696 Waomani wakaizingira Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno kule Mombasa, na mzingiro ule ulidumu mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu, watu wamo ndani wanakufa kwa njaa na maradhi, na si Wareno peke yao, walikuwamo na Waswahili wengi wa pwani wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa Kisiwa cha Pate. Mwana Fatuma akapakia majahazi matatu ya chakula akayatuma Mombasa. Waomani wakayakamata wakayachoma moto, kisha wakaja Zanzibar wakaupiga mji, na yeye akakimbilia ndani ya kisiwa na watu wake. Mombasa ilipoanguka Waomani wakarudi tena Zanzibar, safari hii wakamchukua wakampeleka Oman. Huko alikaa miaka kama kumi, akarudishwa nyumbani mwaka 1709, akakuta pale Wareno walipokuwa na kanisa lao Waomani wanalifanya ngome, hii hii Ngome Kongwe ambayo leo tunaangalia ndani yake matamasha ya muziki. Baada yake akatawala mwanawe Hasan, na ukoo ule ukaendelea na cheo cha Mwinyi Mkuu, yaani mtawala mwenyeji wa Unguja, mpaka Muhammad bin Ahmed wa Dunga aliyefariki 1865, na mwanawe Ahmed aliyefariki 1873 na cheo kikafa nae.

Hizo ndo habari zenyewe. Mimi nikiwasomesha wanafunzi wangu huwa nawaambia wawaweke wanawake hawa wawili pamoja, kwa sababu mmoja peke yake hafahamiki vizuri. Mwana Mwema kamchagua Muomani dhidi ya Mreno, kafukuzwa kwao. Mwana Fatuma kamchagua Mreno dhidi ya Muomani, kachukuliwa mateka. Kisiwa kile kile, kiti kile kile, na kila mmoja kachagua kinyume cha mwenzake na wote wawili wamelipa kwa kutolewa kwao. Darasa langu la mwisho lilijadiliana juu ya hilo mpaka kengele ikapigwa hawataki kutoka, kuna wavulana wanasema Fatuma kakosea alitakiwa aone upepo umegeuka, kuna wasichana wanasema bibi yake alishamfuata Muomani na aliona matokeo yake sasa ulitaka afanye nini. Mtoto wa miaka 15 anayefikiri hivo tayari anaijua siasa ya Bahari ya Hindi kuliko watu wazima wengi, na hayo hakuyapata kwenye kitabu chochote alichopewa.

2. Hakuna kibao.

Mimi nimetembea Forodhani yote, mbele ya Beit al Ajaib, Ngome Kongwe, Beit al Sahel ile kasri ya masultani, mpaka Mizingani, sijaona maandishi yanayosema kuwa hapa palikaa Mwana Fatuma. Mzinga umeelezwa. Mlango umeelezwa. Mwenye kiwanja hakutajwa. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wageni wanakuja kutoka kila pembe kuuona, na sisi tunawaanzishia hadithi kwa Sayyid Said, sultani wa Oman aliyehamia hapa, kama kwamba kabla yake ufukwe huu ulikuwa ni mikoko na kaa.

Na hapa naomba nisifahamike vibaya. Sayyida Salme ana chumba chake, ana makumbusho yake Hurumzi, na mimi nafurahi. Mtoto wa mfalme aliyezaliwa Mtoni 1844, akajifundisha kuandika mwenyewe, akaondoka 1866, akaandika maisha yake na akafa Ujerumani 1924, anastahiki kila kitu alichopewa na zaidi. Lakini Sayyida Salme hakutawala. Mwana Mwema na Mwana Fatuma walitawala, walichagua upande, walituma majahazi, walipigwa vita. Mtalii na mtoto wa skuli akitoka hapa anaondoka akijua mwanamke wa kifalme Zanzibar ni yule aliyekimbia kwa mapenzi. Hio ni picha nusu, na nusu nyengine mmeishikilia nyinyi.

3. Daftari za watoto wetu.

Mwanangu mwenyewe anasoma. Nimekaa nae mezani nimelifungua daftari lake la historia, kurasa zinakwenda hivi: wageni wa mwanzo, Washirazi, Wareno, Waomani, Sayyid Said, biashara ya utumwa na karafuu, Muingereza, Mapinduzi. Kwenye Wareno kuna Vasco da Gama kapigiwa mstari kwa wino mwekundu. Kwenye Waomani kuna majina ya maimamu. Watu waliokuwa wakikaa kwenye kisiwa wakati Wareno na Waomani wanakigombania hawana jina hata moja, ni "wenyeji". Wenyeji walipinga, wenyeji walisaidia, wenyeji walifukuzwa. Sasa mwenyeji aliyefukuzwa ana jina, anaitwa Mwana Mwema! Kwa nini mtoto wa Kizanzibari alijue jina la nahodha wa Kireno aliyepita tu akenda zake na asilijue la mfalme wake?

Hili ndo linaloniuma kuliko yote. Kibao ni cha wapita njia, kitabu ni cha maisha.

4. Watembezaji wanaachwa wajifundishe wenyewe.

Vijana wanaotembeza wageni wengi wao ni hodari, wanasoma lugha kwa juhudi zao wenyewe, wanasimama juani kutwa. Wanachokosa ni mtu wa kuwakalisha chini akawapa historia ya kabla ya Sayyid Said. Kwa hivo wanachukua kwa wenzao, na wenzao walichukua kwa wenzao. Ukienda Dunga utasikia ya watumwa waliofukiwa kwenye kuta za nyumba ya Mwinyi Mkuu, hio hadithi kila mtu anaijua na kila mtu anaisimulia kwa sauti ya kutisha, lakini muulize huyo huyo Mwinyi Mkuu ametokana na nani, atakutajia baba na babu halafu atanyamaza. Bibi zake wawili waliotawala kabla yake hawamo kabisa.

5. Karatasi zetu ziko kwa watu.

Nyaraka za Wareno zinazoeleza mambo ya wakati ule ziko Lisbon na Goa, iliyokuwa makao ya Wareno kule India. Sisi tuna Nyaraka za Taifa Kilimani, tuna Chuo Kikuu cha Taifa, tuna vijana wanasoma historia na wanatafuta mada za kuandikia. Mpaka leo sijasikia tangazo hata moja la kuwataka vijana hao wakafuatilie habari za watawala wetu wanawake, japo kwa kuomba nakala tu, maana siku hizi karatasi inapigwa picha kule inafika huku siku ile ile.

Sasa waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu mengine nshaambiwa mdomoni.

Mtasema hakuna ushahidi wa kutosha, hizo ni hadithi za wazee. Hapana. Wareno waliandika, na waliandika kwa sababu wanawake hawa waliwasumbua au waliwasaidia. Na ukitaka kujua wanawake watawala wa pwani walikuwa ni watu wa kalamu na karatasi basi tizama Kilwa. Barua za zamani kabisa za Kiswahili zinazojulikana hadi leo ni za Kilwa za mwaka 1711, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa kule Goa, na kati ya wenyewe walioandika yumo Mfalme Fatuma wa Kilwa, huyu ni Fatuma mwengine si wetu, aliyekuwa akitawala Kilwa miaka ile ile wa kwetu alipokuwa karejea kutoka Oman. Yaani lugha hii ninayoiandikia barua hii, barua zake kongwe kabisa tulizonazo mmoja wa waandishi wake ni mwanamke aliyekuwa mfalme. Nikiwambia wanafunzi wangu hili huwa wanadhani natania.

Na si Kilwa tu. Mombasa wazee wanamtaja Mwana Mkisi kabla hawajamtaja Shehe Mvita, hata kama habari zake zimechanganyika na za kale sana huwezi kuzipambanua, na jina lake hawakulitupa. Pate karne ya 18 alitawala Mwana Khadija. Pwani nzima ilikuwa na jambo hili. Kwa nini Zanzibar ndo iwe na haya nalo?

Mtasema Mwana Fatuma alikuwa msaliti, alimsaidia Mreno Mkristo dhidi ya Muislamu mwenzake. Hili nimeambiwa na mtu mzima ninayemheshimu, na nilimjibu kwa heshima na hapa narudia. Kwanza, Bwana Daud wa Faza na watu wake walipigana ndani ya ngome ile na walikuwa Waislamu. Wakati ule mji ulimuogopa mji mwenziwe, Faza na Pate, Mombasa na Malindi, na kila mmoja alitafuta mkubwa wa kumkinga. Pili, Mwana Fatuma alikuwa ana kisiwa kidogo, hana jeshi la maana la baharini, na mbele yake wapo wakubwa wawili, anaemjua na asiemjua. Alichagua aliyemjua. Unaweza kusema kachagua vibaya, mimi mwenyewe kuna siku nasema hivo. Lakini mtawala aliyechagua vibaya hafutwi kwenye historia, na kama tungekuwa tunawafuta basi kwenye ukuta wa Beit al Sahel zisingebaki picha. Masultani waliosaini mikataba na Muingereza wana picha zao pale, na ni sawa wawepo. Na tatu, mkimtoa Fatuma kwa kuwa alikuwa na Mreno, basi mngembakisha Mwana Mwema aliyekuwa na Muomani dhidi ya Mreno. Nae hamkumtaja. Kwa hivo sababu si hio.

Mtasema mambo ya kina Mwinyi Mkuu yanachokonoa siasa, nani Mshirazi, nani Muarabu, nani wa bara. Nafahamu, kisiwa chetu kimeumizwa na hayo na mimi ni mtu mzima nayajua majeraha yake. Lakini hakuna anayedai kiti, cheo kimekufa tangu 1873. Na ukitaka kusema kweli hawa wanawake ndo wangetufaa zaidi, hadithi yao haimpi ushindi Muarabu wala Mzungu wala mtu yeyote, inaonyesha watu wa hapa walivyobanwa wakajaribu kujitetea kila mmoja kwa njia yake. Mimi nafundisha darasa lenye watoto wa kila asili na sijaona hata mmoja aliyekasirika. Wanakasirika kwa kutokufundishwa.

Mtasema hakuna picha yao, sasa tutaweka nini. Msiweke sura. Nakuombeni sana msije mkachonga sanamu ya kubuni mkawavisha nguo za kubuni, hatuzijui sura zao na hatuna haja nazo. Maandishi yanatosha. Siwa, lile baragumu la kifalme, na zile ngoma za mbao za Mwinyi Mkuu ziko makumbusho, ni vitu vya ukoo huo huo, nakshi yake ukiisogelea utaona mkono wa fundi ulivyokwenda taratibu mstari kwa mstari, basi ziwekeni na pembeni yake muorodheshe waliotawala, wanaume na wanawake, wote. Hilo halitaki fundi wa nje.

Mtasema bajeti. Kibao cha ukutani si pesa ya kumshinda mtu, na nshaongea na walimu wenzangu wako tayari kuchanga. Ukurasa mmoja kwenye kitabu kinachochapishwa upya hauongezi hata shilingi, ni suala la nani anakaa kwenye kamati na anakumbuka kusema.

Na mtasema Beit al Ajaib iliporomoka Disemba 2020 na subirini imalizike. Nakumbuka siku ile, sote tunakumbuka, watu wawili walifariki chini ya vifusi na Mungu awarehemu. Lakini hio hasa ndo sababu ya kuandika sasa. Nyumba inajengwa upya, na itakapofunguliwa itawekwa maelezo mapya, na mtu fulani ameshaanza au yuko karibu kuanza kuyaandika. Maelezo hayo yakianzia 1883 basi yatakaa hivo ukutani miaka mengine arubaini, na mimi nitakuwa sipo.

Kwa hivo naomba, na naomba kwa sauti:

Kwanza, maelezo mapya ya Beit al Ajaib yaanze na habari ya uwanja kabla ya nyumba, na Mwana Fatuma atajwe kwa jina, kwa Kiswahili kwanza halafu lugha nyengine. Kiswahili kwanza tafadhali, siyo chini kwa herufi ndogo.

Pili, kitabu cha historia cha sekondari kitakachorekebishwa kiwe na Mwana Mwema na Mwana Fatuma pamoja, na mambo yao yaelezwe yote, la 1652 na la 1696, bila kumpamba mtu na bila kumtukana mtu. Mimi na walimu wenzangu tunaweza kuandika rasimu bure.

Tatu, mafunzo ya watembezaji yawe na kipindi kizima cha Zanzibar kabla ya Sayyid Said: Kizimkazi na msikiti wake wa mwaka 500 Hijria, Unguja Ukuu, Tumbatu, Pujini kule Pemba, Wareno, na watawala hawa wanawake. Kijana akiulizwa na mtoto awe na jawabu.

Nne, iombwe nakala ya kila karatasi inayowataja kutoka Goa na Lisbon, iwekwe Kilimani, na ifunguliwe kwa mwalim yeyote na mwanafunzi yeyote anayetaka kuisoma.

Tano, na hili ni la mimi binafsi, naomba jawabu la maandishi. Hata kama ni hapana. Mkisema hapana andikeni na sababu, nitaisoma darasani kama nilivosoma nyengine.

Nakala ya barua hii nimewapa walimu wa historia ninaowajua Unguja na Pemba, na wazee wawili wa Dunga ambao wameniahidi kunitajia majina zaidi wanayoyakumbuka kwenye ukoo. Nikiyapata nayo nitayaleta masjala, yapigwe mhuri.

Wassalamu alaykum,

Mwalim wa historia, Unguja